Mzee wa Mgongoni mwa Noti

Kijana wa dirishani aliipokea kwa vidole viwili, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akanirudishia kwa chini ya kioo.

"Kaka, hii imekufa."

Nikamuuliza imekufaje. Akaninyooshea kidole ubao wa viwango vya siku ile: dola, pauni, euro, randi, dirhamu ya Emirati. "Ugiriki siku hizi wanatumia euro. Hii ya zamani hata benki yao wenyewe hawaipokei." Hakuwa mkorofi. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwapa wengi habari kama hiyo. Nyuma yangu mama mmoja mwenye dola zake mkononi akakohoa kile kikohozi cha kumwambia mtu asogee.

Nikasogea.

Nilisimama nje kwenye kivuli cha jengo, nikaitazama ile noti kwa makini kwa mara ya kwanza. Drakma 200. Rangi yake ya chungwa. Si chungwa letu la Muheza linaloiva likiwa bado la kijani, bali lile la kwenye boksi la juisi. Upande mmoja yuko mwanamume wa uso mpana mwenye masharubu. Upande wa pili kuna mzee mwenye ndevu ameketi, watoto wamemzunguka, na giza limewazunguka wote.

Mama ndiye aliyenituma. Nilitoka Tanga na noti hiyo ndani ya bahasha ya kaki kama mtu aliyebeba hati ya nyumba, na sasa nilitakiwa kumpigia simu nimwambie akiba ya marehemu haina kitu.

Sikupiga. Ulikuwa mwezi wa pili. Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa, na si kwa sababu ya pesa.

## Mkebe wa biskuti

Mabaharia wa enzi zile sina haja ya kuwaeleza hapa. Kila mtaa ulikuwa na wake aliyezamia meli, na kila mtaa una hadithi ya aliyefika na ya asiyefika. Baba alifika. Aliondoka mwaka 1987, akarudi 1999, na miaka yote ya katikati ilikuwa ya "Pire", kama wao walivyoiita bandari ya Piraeus kule Ugiriki. Alikwangua kutu na kupaka rangi meli kule Perama. Alibeba mizigo. Ilikuwepo miezi ya kukaa tu bila kazi, na miaka ya kuvuka barabara kila akiona polisi.

Alirudi na sanduku moja, redio, na mkebe wa biskuti wenye karatasi zake. Ndani ya mkebe kulikuwa na Juzuu Amma iliyochakaa, na ndani ya Juzuu Amma kulikuwa na noti. Baada ya mazishi Mama aliufunga mkebe kwa kipande cha kanga, akauweka juu ya kabati, na hakuna aliyeugusa.

Hesabu niliyokuja kuifanya baadaye ilinikaa vibaya. Drakma iliondoka madukani mwanzoni mwa 2002, lakini Benki Kuu ya Ugiriki iliendelea kuzipokea noti zake kwa miaka kumi, mpaka tarehe 1 Machi 2012. Baba alifariki Agosti 2011. Mama alipotoka eda, noti ilikuwa bado na kama miezi miwili ya kuishi.

Kisha ikamfuata mwenyewe.

Hata ingewahiwa, usingekuwa utajiri. Kiwango kilichowekwa kilikuwa drakma 340.75 kwa euro moja, kwa hiyo 200 ni kama senti 59. Kwa shilingi zetu haifiki elfu mbili. Mama hakuijua hesabu hiyo, wala Baba hakuwahi kumwambia kwamba ni pesa nyingi. Alimwambia neno moja tu siku alipoiweka mle kitabuni:

"Hii tusiitumie. Hii ina chuo."

## Ina chuo

Nami nilipoitazama pale kivulini sikuona kitu kingine ila chuo, chuo cha Kurani. Mwalimu ameketi, ndevu zimemshuka kifuani. Watoto wamejibana karibu naye. Mwanga ni kidogo, wa kutosha nyuso na kitabu, basi. Bakora haionekani, lakini sisi tuliopita huko tunajua haiwi mbali.

Usiku ule, nimejilaza chumbani na simu mkononi, nikaanza kutafuta. Picha ile ina jina: *Krifo Scholio*, shule ya siri. Mchoraji ni Nikolaos Gyzis, mzaliwa wa kisiwa cha Tinos, aliyekwenda kusoma Munich akabaki hukohuko akawa profesa wa chuo cha sanaa, akafia huko mwaka 1901. Aliichora mwaka 1885 na 1886. Hadithi yake kila Mgiriki anaijua tangu utotoni: miaka mia nne ya utawala wa Waosmani wa Uturuki, watoto wamekatazwa kusoma lugha yao, basi usiku wananyemelea kanisani au pangoni, na padri mzee anawafundisha herufi kwa mwanga wa mshumaa.

Padri.

Nilicheka peke yangu gizani. Mzee wetu wa chuo ni padri, na hao anaowaficha watoto wasionekane nao ni watawala wa Kiislamu. Baba, ambaye hakukosa swala ya alfajiri tangu nimjue, alimhifadhi padri huyo ndani ya Juzuu Amma miaka kumi na mbili.

Sikujua nifanye nini na habari hii. Nilijiuliza kama alijua. Alikaa kule muda mrefu, alikuwa akiongea Kigiriki cha bandarini. Haiwezekani asisikie hadithi inayochezwa shuleni kila mwaka. Au alijua vizuri, akaona kwamba mwalimu ni mwalimu? Au alimwambia Mama hivyo kwa sababu "chuo" ndilo neno aliloweza kumpa?

Huwezi kumuuliza.

## Mwenye masharubu

Upande wa pili nilikuwa nimeupuuza. Nikarudi kwake siku chache baadaye, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika.

Anaitwa Rigas. Alizaliwa mwaka 1757 Velestino, mji mdogo wa Thessalia. Wagiriki wengi humwita Feraios, kwa jina la mji wa kale uliokuwa jirani na kwao, lakini mwenyewe alijiita Velestinlis, mtu wa Velestino, kama mtu anavyoitwa Mpemba akaridhika. Alikuwa karani wa wakubwa huko Bukaresti, kisha akaenda Vienna, na Vienna akaanza kuchapa vitu vya hatari.

Kimoja ni ramani. Ina karatasi 12, ukiziunga inazidi mita mbili kwenda juu na mita mbili kwenda kando. Si kitu cha kufichwa mfukoni. Nilikuza picha yake kwenye simu mpaka macho yakaniuma, na kilichonishika ni kwamba baina ya majina ya miji na milima, Rigas amejaza sarafu. Sarafu za kale za Kigiriki, moja baada ya nyingine, zimechorwa upande na upande kama mtu anayepanga vifungo mezani. Alikuwa anawakumbusha watu wake kwamba zamani walikuwa na pesa yao wenyewe. Miaka 200 baadaye wakamweka yeye kwenye pesa.

Kingine ni wimbo wake wa vita, Thourios, unaosema afadhali saa moja ya uhuru kuliko miaka 40 ya utumwa na gereza. Kwenye noti, ukiacha ile sura kubwa, kuna picha ndogo ya Rigas huyohuyo akiuimba mbele ya watu. Kwa hiyo usoni mwa noti yumo mara mbili: mara moja ametulia kama anayepigwa picha ya kitambulisho, mara nyingine yuko kazini.

Mwisho wake ulikuwa wa kipuuzi kama miisho mingi ya namna hiyo. Desemba 1797 alikuwa njiani kupitia Trieste, ametanguliza makaratasi yake yaliyochapwa. Barua ikaangukia mikononi mwa mfanyabiashara, Mgiriki mwenzake, naye akaipeleka kwa wakubwa. Waaustria wakamkamata, wakamkabidhi kwa Waosmani, na Juni 1798 akanyongwa Belgrade pamoja na wenzake saba, miili ikatupwa mtoni. Vita vya uhuru vilianza 1821. Hakuona hata kijiji kimoja kikiwa huru.

Drakma ilipokufa, yeye alivuka. Chukua senti 10 ya euro iliyotengenezwa Ugiriki, utamkuta. Wengine hawakubahatika: Daktari Papanikolaou, aliyekuwa kwenye noti ya 10,000 na darubini yake, aliachwa nyuma. Huyo jina lake mnalijua bila kujua. Lilikatwa likabaki "Pap", ndiyo ile Pap ya kipimo cha mlango wa kizazi kinachobandikwa kwenye kuta za kliniki.

Lakini nilisema mambo yaliharibika.

## Karatasi moja, kauli mbili

Nilikuwa nasoma habari za utoto wa Rigas. Imeandikwa kwamba alisoma Zagora, mji wa mlima Pelion, na akiwa kijana akafundisha Kissos, kijiji cha mlima huohuo.

Nikasoma sentensi hiyo mara mbili. Alisoma. Akafundisha. Wakati wa Waosmani.

Zagora haikuwa pango. Ilikuwa shule inayojulikana. Na si hiyo tu. Istanbul, chini ya pua ya sultani mwenyewe, Patriaki, mkuu wa kanisa la Kigiriki, alikuwa na Shule Kuu ya Taifa. Smyrna, ndiyo Izmir ya leo, ilikuwa na Shule ya Kiinjili tangu 1733. Ioannina ilijaa shule, kisiwa cha Patmo kilikuwa na yake. Wafanyabiashara wa Kigiriki walizilipia kwa fahari, majina yao yakatajwa. Waosmani walikuwa na ubaya mwingi ambao hakuna anayeukana, lakini kwa jumla walikuwa wanawaachia Wakristo shule zao na kanisa lao, maadamu kodi inalipwa.

Basi nigeuze noti. Usoni: mtu aliyesoma mchana kweupe. Mgongoni: watoto wanaosoma kwa kujificha. Unene wa karatasi ndio unaowatenga, na hawaelewani.

Nilidhani nimegundua kitu. Kumbe wenyewe wamelibishania jambo hili miaka mingi. Mwaka 1997, mwaka mmoja tu baada ya ule ulioandikwa kwenye noti, mwanahistoria Alkis Angelou alitoa kitabu kizima kuonyesha kwamba shule ya siri ni ngano, na jinsi ngano hiyo ilivyokua. Gyzis mwenyewe aliichora picha hii zaidi ya miaka 60 baada ya vita kuanza, akiwa Munich, na jina aliloipa halikuwa na neno "siri": aliiita shule ya Kigiriki wakati wa utumwa. Baadaye mshairi Ioannis Polemis akaandika shairi lenye jina la shule ya siri, watoto wakalikariri, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuitazama picha bila kusikia shairi.

Ushahidi mkubwa wa wanaoiamini ni wimbo wa watoto, ule wa kuuomba mwezi uangaze njia ili mtoto aende shule akasome. Kwa nini aende usiku kama si kwa kujificha? Wengine wanajibu: kwa sababu mchana alikuwa anachunga mbuzi.

Jibu hilo lilinipiga. Ni jibu la watu wa kwetu kabisa.

Sitaki kujifanya hakimu. Miaka mia nne ni mingi, na nchi ni kubwa. Kutakuwa na kijiji ambako ofisa mmoja mwenye roho mbaya alifunga shule, na padri mmoja akaendelea kufundisha nyuma ya kanisa. Mapadri na watawa kweli waliwafundisha watoto herufi kwa kutumia vitabu vya sala. Hilo hakuna anayebisha. Kinachobishaniwa ni lile neno "siri", na lile agizo la kuwakataza wote, ambalo watafiti hawalioni.

Lakini fikiria wewe ndiye uliyepewa kazi ya kuchora noti ndogo, noti itakayoshikwa na muuza magazeti na mtoto anayetumwa dukani. Unachagua kipi: orodha ya shule za Smyrna na Ioannina zilizolipiwa na wafanyabiashara, au mzee na mshumaa?

Mimi ningechagua mshumaa. Najijua.

## Simu kutoka Kypseli

Baba alikuwa na rafiki yake ambaye hakurudi. Anaishi Athens, mtaa wa Kypseli, ameoa huko, na sisi tunamwita Baba Mdogo ingawa hakuna damu. Nilimpigia nikamweleza yote haya kwa shauku ya mtu aliyesoma jana.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, maneno hayo usije ukayasema huku kwenye mgahawa." Kisha akacheka. Binti yake, aliyezaliwa huko na anayeongea Kiswahili cha kuokoteza, alicheza kwenye igizo la shule Machi 25, sikukuu yao ya taifa. Alikuwa mmoja wa watoto wa shule ya siri. Alipewa taa ya kushika.

"Ulijisikiaje?" nikamuuliza.

"Nililia. Nitajisikiaje tena?"

Akanikumbusha pia yale ya 2007, serikali ilipokiondoa kitabu cha historia cha darasa la sita baada ya zogo la miezi. Kitabu kilishambuliwa kwa mengi, kubwa likiwa namna kilivyoeleza kuungua kwa Smyrna mwaka 1922, lakini kutoitaja shule ya siri nako kulikuwa kwenye mashtaka. Watu waliandamana kwa ajili ya kitabu cha watoto wa miaka kumi na miwili. "Hapo," akasema, "ndipo nilipojua kwamba hawa hawatanii."

Kuhusu noti ya Baba hakuwa na la kusema. Hakuikumbuka. Noti za 200 zilikuwa kila mahali, alisema. Nani anakumbuka chenji?

## Mkasi wa serikali

Niliporudi Tanga kwa ajili ya arobaini ya jirani, niliipeleka kwa mzee mmoja wa Ngamiani anayekusanya sarafu na noti. Nilimpa shikamoo, akaniambia nikae, akavaa miwani juu ya miwani.

Kabla ya kuitazama yangu akanionyesha yake. Ana noti ya Kigiriki aliyoipata zamani kutoka kwa watu waliofanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Walikuwepo Wagiriki wenye mashamba huku kwetu, na walipoondoka waliacha makaratasi. Ni noti ya tarehe 3 Novemba 1944. Drakma 100,000,000,000. Alinihesabisha sifuri kwa kidole chake, kumi na moja, kama mtoto. Wajerumani walikuwa wameondoka Athens mwezi uliotangulia, wameacha nchi iliyokwisha kufa njaa na pesa iliyokuwa ikipoteza nusu ya thamani kila baada ya siku nne au tano. Siku nane baada ya tarehe hiyo ikatoka drakma mpya: moja kwa bilioni 50 za zamani.

"Kwa hiyo hii," akasema akiipigapiga, "ikawa drakma mbili."

Akanisimulia na ya 1922, ambayo anaipenda zaidi ingawa hanayo. Serikali ya Athens ilikuwa vitani Asia Ndogo, imeishiwa. Waziri wa fedha, Petros Protopapadakis, akatangaza watu wakate noti zao katikati. Kwa mkasi. Nusu yenye picha ya Georgios Stavros, mwanzilishi wa Benki ya Taifa, ibaki kuwa pesa kwa nusu ya thamani. Nusu yenye taji ipelekwe serikalini kama mkopo. Kila nyumba ikakaa mezani na mkasi. Vita vikashindwa hata hivyo, na Novemba mwaka huohuo Protopapadakis akapigwa risasi pamoja na wenzake watano.

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Serikali ikikwambia mwananchi lete nusu, wewe unampa kweli!"

Kisha akaichukua yangu. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akaiweka mezani, akaipitishia lenzi polepole kutoka kushoto kwenda kulia, akasimama, akarudi nyuma.

"Hii imeandikwa."

## Wino

Sikuwahi kuona. Ni wino wa bluu uliofifia juu ya rangi ya chungwa, umeandikwa kwa herufi ndogo mno, za mtu aliyeichonga kalamu kwa subira au aliyekuwa na ncha nyembamba sana. Chini ya jina la benki, lililochapwa kwa herufi za Kigiriki, kuna herufi zetu, kila moja chini ya ile ya Kigiriki.

T. Halafu P, imekatwa, juu yake R. Halafu A. P. E. Z. A.

Kwa wasiojua: herufi ya Kigiriki inayofanana na P yetu husomeka R, na P yao huandikwa kama mlango, nguzo mbili na kizingiti. Mtu anayejifunza hukosea hapo hapo. *Trapeza tis Ellados*: Benki ya Ugiriki. *Trapeza* kwao ni benki, na zamani ilikuwa meza tu, meza ya mbadilisha fedha.

Katika *tis* ameandika H, akaikata, akaandika I. Katika *Ellados*, ile pembetatu ameandika D bila kusita. Pengine alikwisha kuifahamu. Akashuka mpaka kwenye neno la drakma. D, R, A. Halafu ile herufi inayofanana na X. Ameandika X. Haikukatwa. Ilitakiwa KH, ile ya "kheri" na "khofu", sauti ambayo mtu wa Tanga aliyesoma chuo anaitamka bila shida kuliko Mzungu yeyote.

Mzee wa Ngamiani alinirudishia. Alisema noti ya 200 ni ya kawaida sana kwa wakusanyaji. Ingekuwa safi, haijakunjwa, ingekuwa na bei ya kikombe cha kahawa na andazi. Hii imekunjwa mara nne na imeandikwa. "Kwangu mimi haina bei, mwanangu." Alisema kwa upole.

Akanipa na jambo la kuondokea. Dirhamu, akasema, ni drakma hiyohiyo: Waarabu waliichukua kutoka kwa Wagiriki, sisi tukaichukua kutoka kwa Waarabu. Na fulusi nayo imetoka kwa sarafu ya Warumi wa mashariki. Nikaukumbuka ule ubao wa dirishani, dirhamu ya Emirati na kiwango chake kikiwaka, na mimi chini yake nimesimama na babu yake mkononi nikiambiwa amekufa.

Njiani kurudi nyumbani nilijaribu kupiga hesabu. Tarehe iliyochapwa kwenye noti ni ya Septemba 1996. Baba alirudi 1999. Kwa hiyo alipoandika herufi hizo alikuwa amekaa Ugiriki kati ya miaka tisa na kumi na miwili. Miaka yote hiyo alikuwa anaongea lugha asiyoweza kusoma hata jina lake kwenye kibao. Alikuwa na zaidi ya miaka arobaini. Hakuwa na vibali kwa sehemu kubwa ya muda ule. Darasani asingekwenda, au pengine alikwenda. Alikaa mahali fulani, labda kitandani, labda usiku, na kwa kuwa kitabu hakikuwepo akachukua chenji ya mfukoni.

Nilitaka kuandika hapa kwamba shule ya siri ilikuwepo basi, na mwanafunzi alikuwa mmoja. Nimeifuta sentensi hiyo mara tatu. Sijui kama ilikuwa usiku. Huenda ilikuwa saa sita mchana, kwenye benchi, siku isiyo na kazi, na mtu anampita anamwona.

Mwezi na mbuzi, tena.

## Juu ya kabati

Nilimwambia Mama jioni ileile, uani, anachambua mchele. Nilianza na la pesa. Alisema, "Ah," akaendelea kuchambua.

Nikamwambia la picha. Kwamba si chuo, ni shule ya padri, na kwamba wasomi wa kule wanasema haikuwa ya siri, na huenda picha yenyewe imechorwa tu kwa kuwaza. Nilijitahidi kuipunguza makali.

"Kwani mimi sijui kwamba picha huchorwa?" Akanitazama. "Na huyo padri tulimjua. Ana msalaba, au hana? Baba yako aliniambia, huyu ni padri, lakini angalia watoto walivyokaa. Hakuna aliyesinzia."

Nikanyamaza. Wiki zote zile.

Nikamwonyesha wino kwa tochi ya simu. Hili ndilo hakulijua. Aliweka ungo chini, akaishika noti karibu na uso, akaisogeza mbali, akaisogeza tena karibu. Alipitisha ukucha chini ya herufi, moja moja, bila kutoa sauti. Alipofika kwenye P iliyokatwa akaguna.

"Hapa alikosea."

"Alikosea, akasahihisha."

"Na hapa?"

"Hapo kwenye X alikosea, hakujua."

Nilikuwa na kalamu mfukoni, ya bluu pia. Sijui uso wangu ulionyesha nini, kwa sababu alikunja noti palepale kwenye mikunjo yake ya zamani, akainuka, akaingia ndani. Nilisikia kifuniko cha mkebe, halafu kiti kikiburutwa kuelekea kabatini. Nikaenda kumshikia kiti.